Binti akichaguliwa timu ya mpira, nyumbani huulizwa nini?

Habari inafika nyumbani jioni. Binti wa kidato cha pili anaweka begi chini, anawaamkia wazazi, kisha anasema amechaguliwa kwenye timu ya mpira wa miguu ya wasichana. Timu inakwenda mashindano ya wilaya. Wakifanya vizuri, baadhi yao watachukuliwa kwenda mkoani Arusha.

Baba hajibu. Anauliza kama mbuzi wamerudi wote. Mama, ambaye anamjua mumewe, anamwambia binti aende akale kwanza.

Nyumba hiyo ni ya mfano, lakini mzazi wa Samunge, Digodigo au Sale anaweza kuijaza majina mwenyewe. Maswali yatakayoulizwa binti akishaingia ndani yanajulikana. Nani anawasindikiza? Watalala wapi? Atavaa nini mbele za watu? Nani atachota maji siku hizo zote? Na lile ambalo baba atalisema mwisho, kwa sauti ya chini: akishazoea kurukaruka uwanjani, ataolewa na nani?

Kaka yake hajawahi kuulizwa hata moja kati ya hayo. Yeye hutoka na mpira wa makaratasi na kamba tangu akiwa darasa la kwanza, hurudi giza limeingia, na kosa lake kubwa ni kuchana suruali.

Watanzania wengi walilisikia jina la Samunge mwaka 2011, magari yalipopanga foleni kwenda kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Watu walitoka mbali wakapita Mto wa Mbu, Engaruka na Ngaresero, wakalala njiani. Wakati ule safari ilikuwa ya kuja. Kwa binti aliyechaguliwa timu, safari ni ya kutoka, na umbali ni ule ule. Kwa hiyo hofu ya mzazi haipaswi kuchekwa. Si ushamba.

Wala maswali hayo hayakuanzia Ngorongoro. Yaliulizwa Unguja zaidi ya miaka 30 iliyopita, kuhusu timu moja ndogo ya wanawake, na kwa kuwa maisha ya timu ile yalikuja kurekodiwa kwenye filamu, mzazi wa leo anaweza kuona majibu yalikwendaje.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Zanzibar ilipata wageni, timu ya mpira ya wanawake kutoka Sweden. Visiwani hakukuwa na timu ya wanawake ya kucheza nao. Wakakusanywa wanawake waliokuwa tayari wakicheza michezo mingine, wakaingizwa kwenye mpira wa miguu. Timu hiyo ikaitwa Women Fighters, yaani wanawake wapiganaji. Wageni walirudi kwao, lakini wanawake wale hawakutaka kuacha, na jina likabaki.

Ni rahisi kusema "hawakutaka kuacha". Kwa mwanamke wa Unguja wa wakati ule, kuendelea kulimaanisha kutoka nyumbani mchana wa jua kali, na mtaa mzima unajua anakokwenda. Timu nyingine za wanawake za kushindana nazo zilikuwa chache mno, hivyo mara nyingine walicheza na wanaume. Hakukuwa na mshahara wa kumwonyesha mume au baba kuwa kazi hii ina faida.

Miongoni mwa waliobaki na mpira alikuwepo Nassra Juma Mohammed. Alicheza, kisha akawa kocha, na jina lake limekuwa karibu kitu kimoja na soka la wanawake visiwani. Anayemfikiria kocha kama mtu wa kupuliza filimbi na kupanga namba atakosea. Kocha wa wasichana, Unguja au popote Tanzania, huanza kazi yake mlangoni kwa mzazi. Hupiga hodi, huketi, husubiri kuulizwa. Timu ya wavulana ikikosa mchezaji, kocha humtafuta mwingine. Ya wasichana ikikosa mchezaji, kocha humtafuta baba yake.

Mwaka 2007 ilitoka filamu Zanzibar Soccer Queens, iliyotengenezwa na Florence Ayisi, mwanamke mzaliwa wa Cameroon aliyekuwa akifundisha chuo kikuu huko Wales. Ndani yake wanaonekana Women Fighters uwanjani na majumbani. Mchezaji anatoka kwake amejistiri kama mwanamke mwingine yeyote wa mtaa, anafika uwanjani anavaa bukta na jezi, wakimaliza anajistiri tena na kurudi kupika. Hakuna anayejificha. Ni nguo za kazi mbili tofauti.

Wengine hawakuliona hivyo. Wapo waliosema wazi kwamba mwanamke wa Kiislamu kuonyesha mapaja ni kosa, na kwamba mchezo wenyewe si wa kike. Wapo waume waliokubali, wengine kwa fahari. Wapo waliokataa, na mchezaji akaacha. Ndoa ikawa ndiyo mwisho wa mpira kwa baadhi yao, hata kama miguu ilikuwa bado na nguvu.

Hapo ndipo timu ndogo ya wanawake inapotofautiana na timu ndogo ya wanaume, na inafaa mzazi alione hili vizuri. Timu ya mtaani ya wanaume hudhoofika kwa kukosa fedha, au kwa sababu wakubwa wamewanyakua wachezaji wazuri. Timu ya wanawake ina mlango mwingine wa kupotezea watu. Mchezaji anaolewa, anazaa, anahamia kwa mume, au kaka mkubwa amesema sasa basi. Kila mwaka kocha anaanza upya na wasichana wasiojuana. Wakifungwa mabao mengi, watu husema wanawake hawawezi mpira, wakati hawajawahi kukaa pamoja misimu mitatu.

Zanzibar imeyaonja hayo. Timu yake ya wanawake imewahi kwenda mashindano ya Afrika Mashariki na Kati na kurudi na kapu la mabao. Aibu hiyo huwekwa juu ya wachezaji. Mara chache huwekwa juu ya nyumba zilizowazuia wasifanye mazoezi.

Suala la nguo limechukua miaka mingi, na limekwisha kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia. Juni 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki dhidi ya Jordan kwa sababu wachezaji walifunika vichwa. Yaani huku nyumbani msichana aliambiwa amevaa nguo chache mno, na kule kwenye mpira wa kimataifa aliambiwa amevaa nyingi mno. Mwaka 2014 sheria ilibadilishwa rasmi na hijabu ikaruhusiwa. Kwenye Kombe la Dunia la wanawake la 2023, Nouhaila Benzina wa Morocco aliingia uwanjani na hijabu yake, soksi ndefu na suruali ya kubana chini ya bukta, akakaba kama mabeki wengine wanavyokaba.

Kwa hiyo mzazi anayesema "sitaki mwanangu avae vile", awe Mwislamu wa Unguja au Mkristo wa Samunge, ana haki ya kusema. Ila aseme na shule, si na binti. Suruali ya kubana ndani ya bukta haivunji sheria yoyote ya mchezo. Mwalimu akielezwa mapema, nguo zinapatikana na binti anacheza.

Women Fighters walifungua njia kwa wengine. Mwaka 2015 ilitoka filamu nyingine kuhusu soka la wanawake Zanzibar, ya Mmarekani Megan Shutzer, yenye jina la timu ya New Generation Queens, kizazi kilichofuata. Mwaka 2016 Ayisi alirudi na mwenzake Catalin Brylla wakatoa Zanzibar Soccer Dreams, ambamo mpira wa wasichana unaonekana ukiingia shuleni. Mwaka 2021, CAF ilipoanzisha Ligi ya Mabingwa ya Wanawake, New Generation iliiwakilisha Zanzibar kwenye mchujo wa CECAFA uliofanyika Nairobi. Hawakuchukua kombe, walilichukua Vihiga Queens wa Kenya. Lakini klabu ya wanawake ya Unguja ilikuwa imeandikwa kwenye ratiba ya Afrika, miaka 30 na kitu baada ya wale waliokusanywa kwa ajili ya wageni.

Huku Bara, ligi kuu ya wanawake ilianza msimu wa 2016/17 ikiwa na timu 12. Bingwa wa kwanza hakuwa Simba wala Yanga. Alikuwa Mlandizi Queens, timu ya mji mdogo wa Pwani, ule ambao abiria wa Barabara ya Morogoro huuona dirishani wakinunua mahindi ya kuchoma. Kila ubingwa uliofuata hadi msimu wa 2024/25 umekwenda kwa JKT Queens au Simba Queens.

Mzazi atafanya vyema kulikumbuka hilo, kwa sababu sasa kuna ahadi nyingi zinazozunguka. Ni kweli Aisha Masaka alitoka Yanga Princess mwaka 2022 akaenda BK Häcken ya Sweden, nchi ile ile walikotoka wageni wa kwanza wa Women Fighters, na mwaka 2024 akahamia Brighton ya Uingereza. Ni kweli Clara Luvanga anafunga mabao Al Nassr, Saudi Arabia. Ni wawili kati ya maelfu ya wasichana wanaocheza mpira shuleni. Anayemwambia baba wa Samunge amruhusu binti kwa sababu atakuwa tajiri anamdanganya, na siku utajiri usipoonekana baba atamzuia mdogo wake. Women Fighters hawakuahidiwa kitu. Walicheza kwa kuwa walipenda, na pale walipoungwa mkono nyumbani walidumu.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya Wazungu, kwamba kwao mwanamke amecheza tangu zamani na sisi tunaiga. Si kweli. Uingereza, tarehe 26 Desemba 1920, timu ya wanawake wa kiwandani iitwayo Dick, Kerr Ladies ilicheza Goodison Park, Liverpool, mbele ya watazamaji wapatao 53,000. Mwaka uliofuata chama cha mpira kikawafungia wanawake viwanja vyake, kikisema mchezo hauwafai, na marufuku hiyo ikakaa karibu miaka 50. Uholanzi nayo, chama cha mpira kilizikataza klabu zake mwaka 1955 kuwapa wanawake viwanja. Aprili 1971 Waholanzi hao walicheza na Ufaransa mechi ambayo FIFA baadaye iliitambua kuwa ya kwanza ya kimataifa ya wanawake, wakafungwa 4-0. Mwaka 2017 walikuwa mabingwa wa Ulaya. Babu wa Kiholanzi na babu wa Kisonjo wangeelewana kabisa kuhusu binti na mpira, kama wangekutana mwaka 1955.

Turudi kwenye ile nyumba ya Samunge. Binti ameshakula, baba bado yupo nje, na ruhusa inasubiriwa. Yapo mambo ambayo mzazi anaweza kuyafanya badala ya kusema ndiyo au hapana tu.

La kwanza ni safari. Mzazi aende shuleni, au apige simu, aulize ni mwalimu gani wa kike anayesafiri na timu, wasichana watalala jengo gani, nani analinda usiku, na wanarudi lini. Mwalimu mwenye nia njema hatanuna kwa maswali hayo, na akinuna, mzazi ameshapata jibu. Kumzuia binti kwa hofu ambayo haikuulizwa ni kumwadhibu kwa kosa la mtu ambaye hata hayupo.

La pili ni mwili wake. Wasichana huumia kano ya ndani ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana. Hili limethibitishwa na tafiti nyingi za michezo. Sababu moja ni jinsi wanavyotua baada ya kuruka na kugeuka ghafla, na dawa yake haina gharama: mazoezi ya kupasha mwili ya dakika 20 hivi kabla ya mpira, yenye kuruka na kutua kwa magoti yaliyokunjwa, kusimama mguu mmoja na kuimarisha mapaja. FIFA ina mpango wake wa mazoezi hayo, unaitwa 11+, na walimu wa michezo wanaweza kuufuata. Mzazi aulize kama unafanyika. Kwenye viwanja vyetu vya mawe na vumbi, swali hilo lina uzito kuliko swali la jezi mpya.

Kuna na mambo ambayo baba atamwachia mama. Msichana anayekimbia anahitaji sidiria ya michezo, ile inayobana na kushika vizuri, vinginevyo atakimbia mikono ikiwa kifuani na watu watacheka. Anahitaji pedi za kutosha kwenye begi hata kama tarehe zake hazijafika, kwa sababu safari na mazoezi mazito vinaweza kuzivuruga. Wasichana wengi huacha michezo wakiwa na miaka 13 au 14, na nyumbani hawasemi sababu. Mara nyingi sababu ni hizo mbili.

Maji nayo lazima yazungumzwe, na hapa mama asionekane mkorofi. Binti akienda mazoezi kila jioni, ndoo zake zinabaki. Mbuzi wanabaki, zamu ya shamba kwenye mfereji inabaki. Kazi hiyo haipotei, inahamia kwa mtu, na kwa kawaida inahamia kwa mama mwenyewe au kwa mdogo wa kike. Ruhusa ya baba isiyogusa ndoo ni nusu ya ruhusa. Yule kaka mwenye mpira wa makaratasi ana mikono miwili, na jerikeni halimjui mwanamke wala mwanamume. Nyumba nyingi zimepata suluhu kwa siku tatu za mazoezi badala ya tano, na kaka kuchota siku hizo tatu. Kaka atalalamika kwa wiki mbili.

Kisha kuna jambo ambalo wazazi wa vijijini hulijua wakiwa wamechelewa. Oktoba 2022 timu ya Tanzania ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilicheza Kombe la Dunia India, ikiwa timu ya kwanza ya soka ya nchi hii kufika fainali za Kombe la Dunia lolote la FIFA. Walifungwa 4-0 na Japan, na baadhi ya watu wakazima televisheni. Siku tatu baadaye wakawafunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali na kutolewa na Colombia 3-0. Wale walikuwa watoto wa shule, wa umri wa huyu wa Samunge. Kila mmoja wao alikuwa na pasipoti, na pasipoti ya mtoto huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa.

Hata asipofika India, cheti kinamfaa. Timu za umri fulani hudai uthibitisho wa umri, vyuo hukidai, mikopo ya elimu ya juu hukidai. Kwa mtoto mkubwa, kukitafuta ni safari ya kwenda ofisi za wilaya Loliondo na karatasi mkononi, si jambo la kufanya wiki ya mashindano.

Basi usiku ule baba anaingia ndani. Hasemi kuhusu ruhusa. Anauliza huyo mwalimu wa kike anaitwa nani na ni wa ukoo gani. Binti anamtajia. Baba anasema amemfahamu babu yake, kisha anamwambia mama avute lile sanduku la bati lililo chini ya kitanda waangalie karatasi za mtoto. Kadi ya kliniki ipo, imekunjwa mara nne, na maandishi yanasomeka. Tangazo la ubatizo lipo. Cheti cha kuzaliwa hakipo, hakikuwahi kuchukuliwa, na gari la kwenda Loliondo hupita alfajiri.